Umeandika Hivi, Mfumo Umesoma Vile: Kutafuta Kosa Kwenye Faili la Mipangilio

Mifumo mingi tunayoihudumia hapa Kigoma haikuandikwa hapa. Mtu wa Dar es Salaam au Mwanza ameiandika, akaifunga kwenye kompyuta ya ofisi, akakabidhi na kuondoka. Kinachobaki mikononi mwa fundi wa Mwanga au Ujiji ni faili moja au mawili ya mipangilio: `.env`, `config.yaml`, labda na `php.ini`. Humo ndimo yanamokaa jina la seva ya hifadhidata, nywila, bei, saa za kazi na namba ya simu inayotokea kwenye risiti. Mambo yakiharibika, mara nyingi kosa limo ndani ya faili hilo, na mara nyingi ni mstari ambao ukiutazama kwa macho huoni kasoro yoyote.

Nitatumia maneno mawili muda wote. Kigeu ni jina lililo kushoto kwa alama ya `=` au `:`, na thamani ni kile kilichoandikwa kulia. Nimepanga mambo kwa dalili, kwa sababu mteja akikupigia simu atakwambia tu kwamba mfumo umegoma, au risiti zinatoka na tarehe ya jana. Kutoka hapo mpaka kwenye mstari wenye kosa ni kazi yako.

Kwanza ujue programu imepokea nini

Kinachopoteza muda kuliko vyote ni kuanza kubadilisha mistari kabla hujajua programu imepokea nini. Kati ya ulichoandika na kilichofika kuna kisomaji, yaani programu inayolisoma faili na kuipa programu yako thamani: Bash (kisomaji cha amri kwenye terminali ya Linux), maktaba ya dotenv (husoma `.env`), Docker (huendesha programu ndani ya kontena), systemd (huwasha huduma za Linux), PyYAML (husoma YAML kwa Python). Kila kimoja kina kanuni zake, na mstari uleule unaweza kusomwa salama na kimoja, ukakatwa nusu na kingine. Kwa hiyo nakili faili (`cp .env .env.kale`), kisha litazame jinsi kompyuta inavyoliona:

```
cat -A .env
```

Alama ya `$` mwishoni mwa kila mstari ni ya kawaida. Ukiona `^M$`, faili limehifadhiwa kwa mtindo wa Windows. `^I` ni kitufe cha Tab. `M-BM-` ni nafasi isiyo ya kawaida, aghalabu imenakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti. `M-oM-;M-?` mwanzoni kabisa mwa faili ni alama ya usimbaji (inayotaja namna herufi za faili zilivyohifadhiwa) ambayo baadhi ya programu za Windows huiweka bila kukuuliza.

Halafu chapisha thamani ndani ya mabano:

```
echo "[$SEVA_YA_DATA]"
```

Kwenye Python tumia `print(repr(os.environ.get("SEVA_YA_DATA")))`, na kwenye Node `console.log(JSON.stringify(process.env.SEVA_YA_DATA))`. Bila mabano au nukuu hizo, `localhost` yenye nafasi mwishoni na ile isiyo nayo zinafanana kabisa.

Kama programu inaendeshwa na systemd, unaweza kuiuliza ikiwa kazini. Hapa nachukulia huduma inaitwa `mapokezi`:

```
PID=$(systemctl show -p MainPID --value mapokezi)
sudo cat /proc/$PID/environ | tr '\0' '\n'
```

Orodha itakayotoka ni ya vigeu ambavyo programu iliwashwa navyo. Vile ilivyovisoma yenyewe baadaye kutoka `.env` havitaonekana humo, usishtuke usipoviona. Na tafadhali, kabla ya kupiga picha ya skrini na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la mafundi kuomba msaada, ziba nywila. Kundi lina watu wengi, na picha ikishatoka hairudi.

Programu inasema kigeu hakipo, nawe unakiona

Anza na jina la faili lenyewe. Windows huficha kiendelezi cha faili, kwa hiyo faili ulilolihifadhi kama `.env` kwa Notepad linaweza kuwa `.env.txt`. Kwenye Linux amri ya `ls -la` inamaliza ubishi.

Kisha folda. Maktaba ya dotenv ya Node hutafuta `.env` kwenye folda ambamo programu imewashiwa, hata kama msimbo wenyewe uko kwingine. Ukiwasha kwa mkono ukiwa ndani ya folda ya mradi, kila kitu shwari. Ukiikabidhi systemd bila kuandika `WorkingDirectory=`, huduma ya mfumo huanzia kwenye `/`, na huko hakuna `.env` yoyote. Hii ndiyo sababu ya ile kauli "nikiwasha mwenyewe inakubali, ikijiwasha inakataa".

Nafasi kuzunguka alama ya `=` nayo huangusha wengi. Bash hairuhusu. Ukiandika `BANDARI = 8080`, Bash hudhani `BANDARI` ni amri, na itajibu `BANDARI: command not found`. Ukiandika `BANDARI= 8080`, malalamiko yanageuka kuwa `8080: command not found`, kwa sababu kigeu kimeachwa kitupu na 8080 imechukuliwa kuwa ndiyo amri. Ujumbe ukitaja jina la kushoto, nafasi iko kabla ya `=`; ukitaja thamani ya kulia, nafasi iko baada yake. Dotenv ya Node yenyewe huvumilia nafasi hizo, na ndiyo maana faili lililokaa miezi bila shida huanza kulalamika siku mtu anapoamua kulisoma kwa hati ya Bash, yaani faili lenye orodha ya amri.

Kigeu cha kwanza tu kwenye faili kikikosekana na vingine vyote vikipatikana, karibu hakika ni ile alama ya usimbaji niliyoitaja. Iondoe hivi:

```
sed -i '1s/^\xEF\xBB\xBF//' .env
```

Iko pia hali ambapo `echo` inakuonyesha thamani vizuri lakini programu haiioni. Umeweka kigeu kwenye Bash bila `export`, kwa hiyo kinaishia kwenye dirisha lako na hakirithiwi na programu unayoiwasha. Kwa faili zima, andika `set -a`, kisha `. ./.env`, kisha `set +a`. Ukitumia `sudo`, kumbuka kwamba kwa kawaida huwa inafuta karibu vigeu vyako vyote kabla ya kuendesha amri. Na usisahau tahajia: kwenye Linux `Nywila_Ya_Data` na `NYWILA_YA_DATA` ni vigeu viwili tofauti.

Nywila ni sahihi, lakini inakataliwa

Alama zinazofanya nywila iwe ngumu kukisiwa ndizo hizohizo zenye maana maalumu kwa visomaji. Chukua alama ya reli, `#`. Bash huiona kuwa mwanzo wa maelezo ya pembeni pale tu inapoanza neno, hivyo `NYWILA=Samaki#Mkubwa` hupita nzima. Dotenv ya Node, kuanzia toleo la 15, hukata kila kitu kuanzia kwenye `#` kama thamani haina nukuu. Programu inabaki na `Samaki`. Mtu akisasisha maktaba jioni, asubuhi hifadhidata haifunguki, na hakuna aliyegusa `.env`.

Alama ya dola ni mbaya zaidi kwa sababu haikati, inabadilisha. Andika kwa Bash:

```
NYWILA="Ziwa$2024"
```

Itakayofika ni `Ziwa024`. Bash imeona `$2`, ikatafuta kitu cha pili ulichokipa hati yako, haikukuta kitu, ikaweka utupu. Nukuu moja-moja zinazuia hilo: `NYWILA='Ziwa$2024'`. Kwenye faili la Docker Compose (linaloorodhesha kontena za kuwashwa pamoja), dola huandikwa mara mbili, `$$`, ili ibaki moja.

Nukuu zenyewe pia zina mambo yake. Bash na systemd huziondoa, lakini `docker run --env-file` huzichukua kama sehemu ya thamani. Nywila iliyokuwa `"abc"` sasa ina herufi tano badala ya tatu. Halafu kuna nukuu zilizopinda. Mtu ametumiwa mistari ya mipangilio ikiwa imepitia kwenye hati ya Word, na Word imegeuza `"` kuwa `“`. Kwa programu hiyo si nukuu hata kidogo, ni herufi kama nyingine. `cat -A` itakuonyesha `M-bM-^@M-^\` mahali pake.

Kama mfumo unatumia anwani moja ndefu ya hifadhidata, kwa mtindo wa `mysql://jina:nywila@seva/hifadhi`, basi `@` iliyo ndani ya nywila huchanganya mpaka kati ya nywila na seva. Iandike `%40`. Alama ya `#` iandike `%23`, `/` iwe `%2F`, na `:` iwe `%3A`.

Mimi nimeacha kupambana na alama hizi. Nywila ya mashine haihitaji kukaririwa na mtu, kwa hiyo ifanye ndefu, ya herufi na tarakimu tupu. `openssl rand -hex 24` inakupa herufi 48 ambazo kila kisomaji nilichokitaja hapa kinazisoma bila kugeuza kitu.

Ujumbe wa kosa umechanganyika, au jina la seva "halijulikani"

Unasoma kwenye skrini mstari unaoanza na nukta pacha, kama `: Name or service not known`, na jina la seva lililotakiwa kutangulia limepotea. Au ujumbe umejiandika juu yake wenyewe. Hiyo ni dalili ya faili la Windows lililosomwa na Bash.

Windows humaliza mstari kwa herufi mbili zisizoonekana, Linux kwa moja. Bash inapokutana na ile ya ziada, inaibeba ndani ya thamani. `SEVA_YA_DATA` haiwi `localhost`, inakuwa `localhost` na herufi inayorudisha kielekezi mwanzoni mwa mstari. Ndiyo maana maandishi yanayofuata yanafunika yaliyotangulia. Kompyuta inatafuta seva yenye jina hilo la ajabu, na haiipati.

Hili linatokea sana kwetu kwa sababu ya jinsi tunavyofanya kazi: faili linafunguliwa kwenye kompyuta ndogo yenye Windows, linahaririwa, linarudishwa kwenye seva ya Linux kwa flashi. Thibitisha kwa `file .env`, ikijibu kwamba kuna `CRLF`, umeshampata mkosaji. Safisha:

```
sed -i 's/\r$//' .env
```

Ukitaka lisijirudie, weka kihariri cha maandishi cha kompyuta hiyo kihifadhi kwa mtindo wa Linux. Vihariri vingi vya waandishi wa programu vina chaguo hilo kwenye pembe ya chini ya dirisha.

Umebadilisha thamani, hakuna kilichobadilika

Kwanza, je, umewasha upya? Programu nyingi husoma mipangilio mara moja tu, zinapowaka. Ukibadilisha faili la huduma lenyewe la systemd, unahitaji `systemctl daemon-reload` na kisha `restart`, ukibadilisha `.env` pekee, `restart` inatosha.

Pili, huenda kuna nakala iliyohifadhiwa. Laravel (kiunzi cha kuandikia mifumo ya PHP) ikishaendeshewa `php artisan config:cache`, haisomi tena `.env`, itaendelea na thamani za zamani hata ukiandika nini. Endesha `php artisan config:clear`, hakikisha, ndipo uhifadhi tena.

Tatu, huenda unahariri faili lisilohusika. Kwenye Ubuntu na Debian, PHP ya terminali ina `php.ini` yake chini ya folda ya `cli`, na ya wavuti ina yake chini ya `apache2` au `fpm`. Amri ya `php --ini` inakuonyesha ile ya terminali, si ile ya tovuti. Kwa tovuti, weka kwa muda ukurasa wenye `phpinfo()`, usome mstari unaotaja faili lililopakiwa, kisha ufute ukurasa huo palepale.

Nne, kigeu kilichokwisha kuwekwa kwenye mazingira ya mfumo hushinda kilicho kwenye `.env`. Dotenv kwa kawaida haiandiki juu ya kilichopo. `printenv JINA_LA_KIGEU` kabla ya kuwasha programu itakuonyesha kama kuna thamani ya zamani iliyokaa mahali fulani, labda ndani ya `.bashrc` ya fundi aliyetangulia.

Mwisho, kigeu kimeandikwa mara mbili ndani ya faili moja, na visomaji vingi huchukua cha mwisho. Unahariri mstari wa 4 huku mstari wa 31 ndio unaotawala. `grep -n BANDARI .env` inamaliza.

Umeme ulikatika, na tangu hapo mfumo haujawaka sawasawa

Mtu anaweza kuilaumu Tanesco bure. Umeme ulichofanya ni kufichua kwamba vigeu viliwekwa kwa `export` kwenye dirisha la terminali, na dirisha hilo lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Kompyuta ilipozimika, vikaenda navyo. Vihamishe kwenye faili, na kwenye huduma ya systemd uandike `EnvironmentFile=/srv/mapokezi/.env`. Kisha washa upya kompyuta yenyewe kwa makusudi, mchana, mteja akiwepo. Usingoje umeme ukufanyie jaribio hilo usiku.

Kazi za cron, yaani zile zinazojiendesha zenyewe kwa saa zilizopangwa, zina tabia ya jirani na hiyo. Cron haisomi `.bashrc` yako, na `PATH` yake kwenye mifumo mingi ni `/usr/bin:/bin` tu. Nakala rudufu ya kila usiku inayofanya kazi ukiiendesha kwa mkono lakini haitokei asubuhi, chanzo chake mara nyingi ni hicho. Angalia pia alama ya `%` ndani ya crontab, faili la ratiba yake: cron huigeuza kuwa mstari mpya. Jina la faili lenye tarehe, kama `$(date +%F)`, liandikwe `$(date +\%F)`.

Umezima kitu, bado kinawaka

`DEBUG=False` ndani ya `.env` si uongo wala ukweli. Ni neno lenye herufi tano. Kigeu cha mazingira siku zote ni maandishi, na kwa Python maandishi yoyote yasiyo matupu ni kweli: `bool("False")` inatoa `True`. Matokeo yake ni tovuti iliyo wazi kwa umma inayomwonyesha kila mtu undani wa makosa yake, pamoja na njia za mafaili na wakati mwingine thamani za mipangilio. Hili nalichukulia kwa uzito kuliko kosa lolote lingine kwenye ukurasa huu, kwa sababu halitoi dalili. Mfumo unafanya kazi vizuri na unavuja. Linganisha maandishi waziwazi, kwa mfano `os.environ.get("DEBUG", "").lower() == "true"`, na uyajaribu yote mawili.

Kiswahili nacho kina sehemu yake hapa. Ukiandika `ruhusu_mkopo: hapana` kwenye YAML, kisomaji hakijui "hapana", kinaichukua kama neno, na neno lisilo tupu ni kweli. Duka linaanza kukopesha. Tumia `false` au `true`, hata kama majina yote ya vigeu ni ya Kiswahili.

Namba pia. Sisi tumezoea kuandika bei 12,000/=. Ndani ya faili iwe `12000`, bila mkato, bila mkwaju. Kwenye JavaScript `parseInt("12,000")` inarudisha 12, na PHP ukiilazimisha iwe namba nzima inarudisha 12 vilevile. Tiketi ya elfu kumi na mbili inauzwa shilingi kumi na mbili, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Ndugu yake yuko kwenye `php.ini`: `upload_max_filesize = 10MB`. PHP inajua `K`, `M` na `G`, haijui `MB`. Inasoma baiti 10, na kila picha inakataliwa. Andika `10M`, na `post_max_size` iwe kubwa kuliko hiyo.

YAML imekubali faili, lakini saa na simu zimeharibika

Tab kwenye YAML ni rahisi kuijua, kwa sababu kisomaji kinagoma na kukutajia mstari. Kinachosumbua ni pale kinapokubali. Tazama mipangilio hii ya duka, iliyosomwa na PyYAML:

```
kufungua: 08:00
kufunga: 17:30
```

`kufungua` inabaki maandishi, `08:00`. `kufunga` inakuwa namba 1050. PyYAML inafuata kanuni za YAML 1.1, ambazo zina hesabu ya misingi ya sitini: 17 mara 60, ongeza 30. Ile ya asubuhi imesalimika kwa sababu tu inaanza na sifuri. Toleo la 1.2 la mwaka 2009 liliondoa hesabu hiyo, ila PyYAML imebaki na ya zamani. Ukijaribu mfumo kwa saa za asubuhi pekee utaona uko sawa, na utaurudisha kwa mteja ukiwa na kosa.

Namba za simu zina mtego unaofanana nao. Ikianza na 0 na ndani yake hamna 8 wala 9, PyYAML inaichukulia kuwa namba ya msingi wa nane na kuigeuza kuwa kitu kisichotambulika. Ikiwa na 8 au 9 popote, inabaki maandishi. Kwa hiyo kati ya matawi mawili ya duka lilelile, moja risiti zake zina simu sahihi na jingine zina tarakimu za ajabu, na mafundi wanabadilishana printa bila mafanikio. Ukiandika kwa +255, alama ya kujumlisha inapotea. Dawa ni moja: kila saa, simu, toleo la programu na msimbo wowote unaofanana na namba lakini haujumlishwi, uwekwe ndani ya nukuu.

Saa imepotoka

Pima kwanza imepotoka kwa kiasi gani, maana tofauti yenyewe inakutajia chanzo.

Saa moja nyuma: mtu amechagua eneo la ng'ambo. Bujumbura na upande wa Kongo wa ziwa letu, kwa maana ya `Africa/Lubumbashi`, wako saa moja nyuma yetu. Fundi aliyechagua kwa kutazama ramani anaweza kuangukia huko.

Saa tatu nyuma: mfumo uko kwenye saa ya dunia, UTC. Ama kigeu cha `TZ`, kinachotaja eneo la saa, hakijawekwa, ama kimewekwa `TZ=EAT`, kifupi cha Kiingereza cha saa ya Afrika Mashariki. Linux haitambui `EAT` peke yake kama eneo. Inakupa UTC huku ikiandika "EAT" pembeni, na maandishi hayo yanamtuliza anayesoma. Kwenye kontena za Alpine (aina ndogo ya Linux), hata `Africa/Dar_es_Salaam` hurudi kuwa UTC mpaka usakinishe kifurushi cha `tzdata`.

Saa sita nyuma: hapa ndipo niwaombe mtulie. Mtu anajua Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC, anaandika `TZ=Etc/GMT+3`. Kwa kanuni ya zamani ya mifumo ya Unix, alama kwenye majina hayo imegeuzwa: `Etc/GMT+3` ni saa tatu *nyuma* ya UTC. Kutoka kwetu hiyo ni tofauti ya saa sita kamili, na saa sita ndiyo tofauti iliyopo kati ya kuhesabu kwetu na kuhesabu kwa Kizungu.

Fikiria matokeo yake kwenye ghala la dagaa pale Kibirizi. Ni saa nane mchana. Kompyuta inatakiwa kuonyesha 14:00, inaonyesha 08:00. Unamuuliza karani kama saa iko sawa.

"Iko sawa, fundi. Si hiyo saa nane?"

Amesema kweli kwa jinsi anavyoisoma. Saa moja asubuhi inaonyesha 01:00, saa kumi na mbili jioni inaonyesha 12:00. Mchana kutwa saa ya mfumo inakubaliana na saa ya mdomoni, na atakayefika saa mbili usiku akakuta 14:00 ni mlinzi, ambaye hafungui kompyuta.

Linapojitokeza ni alfajiri. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku na taa, mitumbwi inarudi kabla jua halijachomoza, na mapokezi yanaandikwa hapohapo. Mzigo uliopokelewa saa kumi na moja alfajiri unaingia kwenye mfumo kama 23:00 ya jana. Tarehe inabadilika saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa sita usiku. Mwenye ghala analalamika kwamba mahesabu ya siku hayalingani na daftari, na lawama za kwanza zinamwangukia karani wa zamu ya alfajiri. Kabla ya kumshuku mtu, tazama kigeu hiki:

```
echo "[$TZ]"
date
TZ=Africa/Dar_es_Salaam date
```

Mistari miwili ya mwisho ikitofautiana, umefika. Weka `TZ=Africa/Dar_es_Salaam`, na kwenye `php.ini` weka `date.timezone = Africa/Dar_es_Salaam`. Epuka kabisa majina yenye alama za kujumlisha na kutoa.

Kazi haijaisha, kwa sababu kumbukumbu za nyuma zipo. Angalia safu ya muda ni ya aina gani. Kama ni `TIMESTAMP` ya MySQL au `timestamptz` ya PostgreSQL, na kosa lilikuwa kwenye eneo la saa ambalo hifadhidata yenyewe ilikuwa inatumia, basi muda ulihifadhiwa kwa UTC na kosa lilikuwa kwenye maonyesho tu. Ukirekebisha eneo la saa la muunganisho, kumbukumbu zote zinajinyoosha. Kama ni `DATETIME`, thamani mbovu imeandikwa kama ilivyo. Chukua nakala rudufu, zuia uingizaji, kisha uongeze saa sita kwa rekodi zilizo kati ya siku kosa lilipoanza na siku ulipolirekebisha:

```
UPDATE mapokezi SET muda = muda + INTERVAL 6 HOUR
WHERE id BETWEEN 4102 AND 9377;
```

Namba hizo ni za mfano. Tumia `id` kuweka mipaka, usitumie `muda`, kwa sababu `muda` ndio unaoubadilisha, na ukirudia amri kwa bahati mbaya baadhi tu ya rekodi zitasogezwa mara mbili, nawe hutajua ni zipi. Kwa `id` pia usiirudie, ila kosa likitokea zitakuwa zimesogea zote kwa pamoja. Ukimaliza, omba daftari la karatasi la zamu ya alfajiri, chagua mapokezi machache ya kabla ya saa kumi na mbili, na uyalinganishe tarehe kwa tarehe mbele ya karani na mwenye ghala wote wawili.